Uraia Haukuwa Zawadi

Kijiweni wananicheka: "Wewe kidato cha nne, unabishana na historia?" Nabishana. Juzi msomi wetu mmoja alituambia eti Roma ya kale ilikuwa karimu, iliwagawia uraia hata watu iliowashinda. Karimu wapi!

Tuanzie bafuni. Konsuli wa Roma alifika na mkewe katika mji wa Teanum. Mama akataka kuoga bafu la wanaume. Waliokuwamo wakatolewa mbio, lakini akalalamika kwamba amecheleweshwa na bafu si safi. Basi Marcus Marius, mkubwa wa mji ule, akavuliwa nguo, akafungwa kwenye mti hadharani, akachapwa. Na Teanum hawakuwa maadui, jamani, walikuwa washirika! Kisa hiki alikisimulia Mroma mwenyewe, Gaius Gracchus, aliyekufa mwaka 121 kabla ya Kristo.

Washirika hao wa Italia ndio waliojaza majeshi ya Roma, nusu au zaidi. Kufa pamoja, sawa; kupiga kura, hapana. Mji wa Fregellae uliasi mwaka 125, ukabomolewa. Mwaka 91 Livius Drusus, aliyewatetea, akachomwa kisu nyumbani kwake. Subira ikaisha. Asculum wakawaua Waroma wote waliokuwa mjini (siwapaki mafuta waasi, hiyo nayo ilikuwa damu ya watu). Wakaufanya Corfinium mji mkuu, wakauita Italica, wakatengeneza sarafu zao: fahali anamchoma mbwa-mwitu kwa pembe. Mbwa-mwitu ndiye Roma. Ningetoa sura nzima ya riwaya yangu nipate picha moja kama ile.

Sasa tazama tarehe. Zaidi ya miaka thelathini uraia ulidaiwa kwa maneno, wakanyimwa. Mwaka 90 konsuli Rutilius akauawa vitani, na kabla mwaka haujaisha sheria ya uraia ikapita, kwa wale ambao hawakuasi. Mwaka 89 konsuli Cato naye akafa vitani. Hata walipoupata, raia wapya walirundikwa kwenye makabila machache ya kupigia kura, ili kura zao zisifue dafu. Ndio ukarimu wenyewe huo?

Baadhi ya sarafu zile zina maandishi ya Kioska, lugha ambayo leo haina msemaji. Kitabu cha upande wa waasi hakijatufikia hata kimoja. Kwa hiyo katika riwaya yangu msimulizi ni yule Marius, na sura ya kwanza inaanza mgongo bado unamwuma.