Mlio wa Usukani ni Ripoti

Dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii twaijua sote, lakini tuingiapo garini wengi wetu huisahau. Si siku nyingi tulisafiri kwa pikapu kutoka Mbarara kwenda Kikagate, na kazi ikatulazimu kwanza kupitia makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Katika lami gari lilikuwa kimya. Tulipoiacha lami na kushika njia ya kokoto, upande wa mbele ukaanza kugonga kila tulipokata kona. Dereva, kijana hodari na mwenye adabu, alinyoosha mkono akaongeza sauti ya redio. Tulipomwuliza, akajibu: "Afande, gari hili ndivyo lilivyo siku zote."

Jibu hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Maoni yetu ni kwamba mlio wa mbele ya gari ni ripoti, sawa na ripoti ya mlinzi aliyeko zamu. Mlinzi akisema amesikia kishindo porini, hatumnyamazishi. Twatuma watu wakatazame.

Ndugu askari na polisi, sehemu za mbele za gari zimeunganishwa kwa viungo vyenye kichwa cha mviringo kinachocheza ndani ya kikombe chenye grisi, kikifunikwa na mpira. Mpira ukipasuka, vumbi la njia zetu huingia na kuchanganyika na grisi, na mchanganyiko huo hula chuma kama msasa. Kiungo hulegea, kisha hugonga, na mwishowe hutoka. Kiungo cha tairodi kikitoka gari likiwa mwendoni, gurudumu hugeukia litakako na usukani hubaki mkononi mwa dereva bila kazi. Nyuma wameketi askari wenzake. Pembeni mwa njia za Nakivale, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1958, hupita watoto wa shule na akina mama wenye madumu ya maji. Hao ndio tulioapa kuwalinda.

Basi tujifunze kusikiliza. Mgongo wa chuma unaosikika usukani unapogeuzwa gari likiwa limesimama huelekeza kwenye tairodi, kwenye kiungo cha mhimili wa usukani, au kwenye bolti za sanduku la usukani zilizolegea. Mgongo unaotokea gari linaporuka mashimo huelekeza kwenye boljointi, bushi au shokapu. Mngurumo unaokua pamoja na mwendo na kubadilika katika kona ni wa beringi ya gurudumu. Mlio wa kulia usukani unapofika mwisho mara nyingi ni mkanda uliolegea au mafuta ya usukani yaliyopungua.

Baada ya sikio, mkono. Siku ile tulisimama mahali tambarare, tukavuta breki ya mkono na kuweka kabari kwenye magurudumu. Injini ikiwa inanguruma na gia ikiwa huru, mmoja wetu aligeuza usukani kidogo kidogo kushoto na kulia, naye dereva akalala ubavuni mwa gari akishika kiungo kimoja baada ya kingine. Haikuchukua dakika kumi. Kiungo cha tairodi cha kushoto kilirukaruka chini ya kiganja chake, na mpira wake ulikuwa umechanika.

Kama kisingepatikana, karakana ingeinua gurudumu kwa jeki na kuliegemeza gari juu ya stendi imara, kwani jeki peke yake si ya kuaminiwa. Gurudumu likicheza likitikiswa kwa kushikwa kushoto na kulia, tazama kwanza viungo vya usukani. Likicheza likishikwa juu na chini, mwenzako akanyage breki: mchezo ukikoma, kosa ni la beringi; ukiendelea, tazama boljointi. Fundi asisahau kwamba Land Cruiser za familia ya 70 zina ekseli nzima mbele. Humo hakuna boljointi za mikono ya juu na chini kama za Hilux za leo. Kwa hiyo akague beringi za pini za kugeuzia gurudumu, pamoja na bushi za fito zinazoishikilia ekseli.

Hapa hatuna budi kuwakosoa mafundi wetu pia. Wako wanaobadilisha shokapu kila wasikiapo mlio, bila kushika chochote kwa mkono. Fedha ya umma hutumika, na baada ya wiki mlio hurudi. Wako pia wanaofunga kiungo kipya kwa pini kuukuu ya kufungia nati, au wasiopima mwelekeo wa magurudumu baada ya kazi, hata matairi yakalika upande mmoja.

Lakini lawama kubwa twaiweka mahali pengine. Dereva wetu hakuwa mvivu. Alituambia kuwa aliwahi kuripoti mlio mara mbili akaambiwa anakwepa safari. Mara ya tatu akanyamaza. Kamanda amchekaye dereva aripotiye kosa humfundisha kuficha kosa. Twashauri kila kikosi kiandike mlio wa gari kitabuni siku hiyo hiyo, na gari lenye mchezo katika usukani lisitoke langoni mpaka fundi atie sahihi kwa jina lake.

Siku ile tuliliacha gari papo hapo mpaka kiungo kipya kilipoletwa kutoka Mbarara. Tulifika Kikagate jioni badala ya asubuhi, na waliotungoja walikasirika kwa haki. Tuliwaomba radhi. Kuomba radhi kwa kuchelewa ni kazi nyepesi kuliko kuipelekea familia ya askari habari ambayo ingeweza kuzuiwa kwa kiganja cha mkono na dakika kumi.