Mkasi Uani

Mgeni anayepita Hombolo au Mpunguzi, Dodoma, msimu wa kupogoa anaweza kudhani shamba limeharibiwa: mizabibu imebaki vigogo na vikonyo vifupi, matawi yamelundikwa pembeni yakingoja moto. Ndivyo inavyotakiwa. Ulaya, baridi ndiyo inayoulaza mzabibu. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza hivyo, kwa hiyo msimu mpya huanzishwa na mkasi, na ndiyo maana mkulima wa hapa huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Ua la zabibu hutoka kwenye chipukizi jipya, na chipukizi lenye kuzaa huota juu ya tawi lililokomaa msimu uliopita, lile lililokwisha kugeuka rangi ya kahawia. Acha hapo macho mawili au matatu, kata mshazari juu kidogo ya jicho, kwa mkasi mkali uliofutwa spiriti. Baadaye kidonda kitadondosha maji, tone kwa tone, kama mti unalia. Usiogope. Mimi mwaka mmoja niliingiwa na huruma, nikauacha mzabibu wangu wa uani na matawi yake yote. Kivuli nilikipata, tena kizuri mno. Lakini humo ndani hewa haikupita, na unyevunyevu wa Januari ukaleta ugonjwa wa ubwiriunga, mashada yakawa kama yamepakwa unga wa mtama. Mzee jirani, Mgogo asiyepoteza maneno, alichungulia akaniuliza: “Mwanangu, huu uliupanda uule au uukalie?”