FUMBO SI SIRI



Umezuka mtindo miongoni mwetu sisi tufundishao Kiswahili mbali na pwani, nao haufai kuachwa upite hivi hivi. Mwanafunzi akiuliza, "Mwalimu, mystery ni nini kwa Kiswahili?" wapo wanaomjibu mara moja, "Siri," kisha wakaendelea na somo. Wapo na wengine, aghalabu wale waliosoma zaidi, wanaotikisa kichwa na kusema kwamba Kiswahili hakina neno hilo, na kwamba itatulazimu tulikope na kuliandika misteri. Kundi la kwanza lina haraka, la pili lina dharau. Nadai katika kurasa hizi kwamba makundi yote mawili yanawapunja wanafunzi, na kwamba lugha tuifundishayo ina hazina katika jambo hili ambayo Kiingereza na Kifaransa hawanayo.

Tuanze na asili ya neno lenyewe, maana wengi hulitukuza bila kulijua. Kiingereza kilililetewa na Kilatini, mysterium, nacho Kilatini kililitoa katika Kiyunani, mysterion. Wataalamu wengi wa Kiyunani hulihusisha neno hili na kitenzi chenye maana ya kufunga macho au kufunga midomo. Mtu aliyeingizwa katika ibada za faragha aliitwa mystes, yaani yule aliyefumba: aliyefumba macho kabla ya kuonyeshwa, na aliyefumba kinywa baada ya kuona.

Sasa ndugu zangu, tuutazame msamiati wetu. Sisi husema kufumba macho. Husema kufumba kinywa. Husema kufumba mkono. Na kutokana na kitenzi hicho hicho tumepata jina fumbo, yaani neno au jambo lililofumbwa. Waswahili hawakukaa darasani na Wayunani, wala hakuna aliyemwiga mwenziwe. Mataifa mawili yaliyo mbalimbali yaliliona jambo moja na kulipa jina kwa njia ile ile. Tena Kiswahili kimezidi, kwa sababu kitenzi chetu kina kinyume chake ndani yake: lililofumbwa hufumbuliwa. Anayesema kwamba Kiswahili hakina neno la mystery amelikanyaga neno hilo kwa mguu wake akipita kwenda kulitafuta kwa jirani.

Kwanza neno hili halikuhusu wazo, lilihusu mahali na desturi. Mahali penye sifa kuliko pote palikuwa Eleusis, mji ulio karibu na Athens, ambako watu waliingizwa katika ibada za Demeter, mungu wa nafaka, na binti yake. Waliruhusiwa wanaume na wanawake, waungwana na watumwa, mradi waijue lugha ya Kiyunani na wasiwe na damu ya mtu mikononi. Yaliyoonekana ndani hayakuruhusiwa kusemwa nje. Mwaka 415 kabla ya Kristo, Alcibiades, jemadari mashuhuri wa Athens, alishtakiwa kwamba aliziigiza ibada hizo kwa mzaha nyumbani, na shtaka hilo lilimfanya awakimbilie maadui wa mji wake.

Je, Kiswahili hakina neno la mambo kama hayo? Kinalo. Mafunzo wapewayo wari unyagoni na vijana jandoni, ambayo kungwi na nyakanga huyatoa kwa nyimbo na ishara, na ambayo hayasimuliwi mbele ya asiyeingia kumbini, huitwa mizungu. Mwalimu atakayesoma na wanafunzi wake habari za Eleusis akatumia neno mizungu kama mfano atakuwa amewafikisha karibu zaidi na maana ya kale kuliko yule atakayewaandikia misteri ubaoni.

Kiingereza chenyewe kimelichanganya neno hili kwa karne nyingi. Katika mikataba ya zamani ya Uingereza, kijana aliyepelekwa kwa seremala au mfua fedha aliahidiwa kufundishwa sanaa na mystery ya kazi ile. Hapo neno halikuwa na maana ya jambo lililofichika. Lilikuwa neno jingine lenye asili yake, ministerium, utumishi, ambalo matamshi yake yaliharibika hadi likafanana na lile la kwanza. Wenzetu waliosomea Kifaransa watalitambua katika neno métier, lenye asili hiyo hiyo. Maneno mawili yakavaa kanzu moja. Sisi hatuna haja ya kuingia katika mchafuko huo, kwani tuna ufundi, tuna fundi, na tuna mwanagenzi anayejifunza chini yake.

Sasa niwajibu wale wa "siri". Hoja yao ni kwamba Biblia yenyewe imetumia neno hilo, na ni kweli. Tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952, ijulikanayo kwa jina la Union Version, huweka siri mahali pa mysterion, kwa mfano katika Mathayo 13:11 na Waefeso 5:32. Lakini wasome zaidi. Katika tafsiri hiyo hiyo, 1 Wakorintho 13:12, watafsiri wameweka fumbo, kwa sababu pale Kiyunani hakina mysterion. Kina neno jingine lenye maana ya usemi uliofichama. Watafsiri hao walijua wanachokifanya. Mtume alipoandika mysterion alikusudia shauri la Mungu ambalo Mwenyewe alilijua, akalificha kwa muda, kisha akalifunua. Kitu kinachojulikana na mmoja na kufichwa kwa wengine ndicho siri.

Wakatoliki nao, katika Misa, husema Fumbo la imani, kwa kuwa hapo hakuna habari iliyofichwa. Kuna jambo lililo mbele ya macho ya waumini na akili haimalizi kulielewa. Tena hao hao, wakisali rozari, hawasemi siri wala fumbo. Husema Matendo: ya Furaha, ya Uchungu, ya Utukufu, na tangu mwaka 2002, ya Mwanga. Kilatini kina neno moja katika sehemu hizo zote mbili. Kiswahili kimetumia mawili, kila moja mahali pake. Hata Kilatini cha kale kilitaabika, kwa kuwa Biblia yake, Vulgata, mara huandika mysterium na mara sacramentum kwa neno lile lile la Kiyunani. Basi yupi kati yetu atakayesimama na kusema kwamba mystery ni "siri" tu, nukta?

Tofauti za maneno haya hazihitaji elimu kubwa. Mwalimu aulize maswali mawili tu: Je, yupo anayejua? Na je, linafunguliwaje? Siri yupo anayeijua, naye amenyamaza. Fumbo limesemwa au limewekwa wazi, lakini maana yake imefumbwa, nayo inasubiri akili. Ndiyo maana wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Maneno yaliyoandikwa kwenye khanga ni mfano mzuri. Mwanamke aliyejifunga khanga hakuficha kitu. Ameyatembeza maneno yake njiani mbele ya jirani anayemkusudia. Huwezi kuiita hiyo siri. Kitendawili ni mchezo wenye sheria, mwenye kutega na wenye kutegua. Muamma, neno tulilolipata kwa Waarabu kutoka katika shina lenye maana ya upofu, ni jambo linalomwacha mtu kama aliyefungwa kitambaa machoni. Ghaibu ni lile lililo nje ya upeo wa macho ya binadamu.

Tazameni pia vitenzi vinavyoandamana na majina hayo, maana hivyo ndivyo mashahidi wa kweli. Siri hutunzwa, huvuja, hufichuliwa. Fumbo hufumbwa na kufumbuliwa. Kitendawili hutegwa na kuteguliwa. Nani amewahi kusikia fumbo likivuja, au siri ikiteguliwa? Mwanafunzi akifundishwa jina pamoja na kitenzi chake hatapotea tena. Akipewa orodha ya maneno yaliyopangwa mawili mawili, la kigeni kushoto na la Kiswahili kulia, atapotea kila siku.

Waandishi wetu wa hadithi za upelelezi waliyajua haya. Muhammad Said Abdulla alipotoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alimweka Bwana Msa mbele ya kifo ambacho wengine walikuwa tayari kukihesabu kuwa kazi ya mizimu. Bwana Msa hakukubali. Alitafuta mtu anayejua na kunyamaza. Na hapo ndipo hadithi za namna hiyo zinapopata nguvu: lile lililodhaniwa kuwa la ghaibu linashuka, linakuwa fumbo, na mwisho linaonekana kuwa siri ya mtu. Msomaji ambaye hazitambui hatua hizo tatu amesoma kitabu nusu.

Huenda mtu akasema kwamba huu ni ubishi wa walimu wasio na kazi. Sivyo. Mwezi wa Desemba 2024 vyombo vya habari vya dunia vilitangaza kwamba ugonjwa usiojulikana ulikuwa ukiua watu, wengi wao watoto, katika eneo la Panzi, jimbo la Kwango, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Vichwa vya habari vya Kiingereza viliupachika neno mystery. Afasiriye habari hiyo kwa kanuni ya "mystery ni siri" atasema "ugonjwa wa siri", na kila mwenye Kiswahili chake ataelewa kwamba ni ugonjwa wa aibu, ambao mgonjwa huuficha hata kwa daktari. Akisema "ugonjwa wa miujiza", watu watakimbilia kwa waganga. Uchunguzi wa wizara ya afya na Shirika la Afya Duniani ulionyesha kwamba yalikuwa malaria pamoja na maradhi ya kawaida ya njia ya hewa, yaliyopata nguvu kwa sababu watoto walikuwa na utapiamlo mkali. Hapakuwa na siri ya mtu wala jambo la ghaibu. Palikuwa na fumbo lililofumbuliwa kwa vipimo vya damu, na chini yake palikuwa na njaa. Neno la kutumia tangu siku ya kwanza lilikuwa lile la wazi kuliko yote: ugonjwa ambao bado haujatambuliwa.

Basi tuangalie madarasa yetu. Hapa Rwanda Kiswahili kilifanywa lugha rasmi kwa sheria iliyopitishwa na Bunge mwaka 2017, na furaha yetu ilikuwa kubwa. Lakini lugha haikui kwa sheria peke yake. Katika mtihani mmoja niliousahihisha, mwanafunzi aliandika kwamba mwanzo wa uhai duniani bado ni fumbo kwa wanasayansi. Mwongozo wa kusahihisha ulisema "siri", na alama ikakatwa. Mtoto yule alikuwa amekisema Kiswahili vizuri kuliko mwongozo, kwa kuwa hakuna mwanasayansi anayeujua mwanzo huo akauficha. Tuliadhibu ufahamu tukatuza kukariri.

Tena wanafunzi wetu hawaji darasani mikono mitupu. Katika Kinyarwanda wana ibanga, ambalo ni siri. Wana igisakuzo, ambacho ni kitendawili. Na wana iyobera, lenye shina moja na kitenzi kuyoba, yaani kupotea njia: jambo ambalo akili ikiliingia hupotelea humo. Ndiyo njia ya tatu ya kuliona jambo hili, nayo haitokani na Kiyunani wala Kiswahili. Mwalimu mwenye busara ataanza na ibanga na iyobera, ambazo mtoto anazijua tangu nyumbani, ndipo avuke naye kwenda kwenye siri na fumbo. Lakini sisi tunamzungusha mtoto hadi London kisha tunamrudisha Kigali, na njiani nusu ya maana imekwisha kumwagika.

Najua nitaulizwa: kwa nini uchukie kukopa, nawe umesifu siri, muamma na ghaibu, ambayo yote yametoka Uarabuni? Sichukii kukopa. Maneno hayo yalipoingia yalipata kazi ambayo kila moja inaifanya mpaka leo, na mwenye lugha huyatofautisha bila kufikiri. Hilo misteri litapewa kazi gani? Litakuja kuketi juu ya maneno matano yaliyo hai na kuyafanya yote yasitumike. Mkopo wa namna hiyo hautajirishi nyumba.

Napendekeza basi mambo matatu. Kwanza, orodha za msamiati tunazowaandikia wanafunzi zisiweke neno moja mkabala na neno mystery. Ziweke sentensi, pamoja na vitenzi viandamanavyo na kila jina. Pili, wanaotunga miongozo ya mitihani waruhusu jibu lolote ambalo muktadha unalikubali, na mwalimu anayesahihisha apewe nafasi ya kutumia akili yake. Tatu, kila mmoja wetu, kabla ya kutamka kwamba Kiswahili hakina neno fulani, awaulize kwanza wazee na washairi, afungue na kamusi, ndipo aseme.

Asiyefanya hivyo, ndugu zangu, asiseme kwamba lugha imefumba. Aliyefumba macho ni yeye.