AFYA YETU: Hedhi si adui wa mkimbiaji



Mwezi huu nimepata barua kutoka kwa mama mmoja. Mama huyo ana binti wa miaka 17. Binti anakimbia mbio ndefu. Kila alfajiri anakimbia kabla ya kwenda shule, na jioni anakimbia tena.

Mama anaandika kwamba binti yake hajaona siku zake kwa miezi minne. Hana mimba. Walikwenda zahanati akapimwa. Binti mwenyewe anafurahi, maana hasumbuki tena na vitambaa wala maumivu ya tumbo. Mwalimu wake wa mbio amesema hiyo ni dalili ya mazoezi mazuri. Mama anauliza, "Je, na mimi nifurahi?"

Mama, usifurahi. Lakini pia usimkataze binti yako kukimbia. Soma ukurasa huu mpaka mwisho, kisha umsomee na yeye.

Hedhi ni nini?

Kila mwezi mwili wa mwanamke hujiandaa kupata mimba. Yai hupevuka. Ukuta wa ndani wa mji wa mimba huwa mnene. Mimba isipoingia, ukuta huo hubomoka na kutoka pamoja na damu. Hiyo ndiyo hedhi. Si ugonjwa, wala si uchafu.

Hesabu huanza siku ya kwanza ya kuona damu. Hiyo ni siku ya 1. Kwa wanawake wengi hedhi nyingine huja baada ya siku 21 hadi 35. Kwa wasichana wadogo zinaweza kufika siku 45. Damu hutoka kwa siku 2 hadi 7.

Je, aliye mwezini anaweza kukimbia?

Ndiyo, anaweza. Watu wengine husema akikimbia atadhurika kizazi. Si kweli. Mwaka 2002 Paula Radcliffe wa Uingereza alishinda marathoni ya Chicago, Marekani. Alitumia saa 2, dakika 17 na sekunde 18. Hiyo ilikuwa rekodi mpya ya dunia ya wanawake. Baadaye alieleza hadharani kwamba siku hiyo alikimbia akiwa na maumivu ya hedhi.

Lakini wanawake hawafanani. Mmoja hasikii lolote. Mwingine huumwa tumbo na kiuno siku ya kwanza. Mwingine huchoka siku chache kabla ya damu kutoka. Wataalamu wamechunguza jambo hili. Wameona kwamba, kwa wastani, tofauti ya nguvu kati ya siku na siku ni ndogo. Hakuna kanuni moja ya kuwafaa wote. Kwa hiyo kila mkimbiaji inampasa ajifunze mwili wake mwenyewe.

Andika siku zako

Dada mkimbiaji, wewe unajua kusoma na kuandika. Tumia elimu yako. Chukua daftari dogo. Andika tarehe ya kuanza damu na tarehe ya kumaliza. Kila siku andika maneno machache: nimelala vizuri, tumbo linauma, miguu mizito, nimekimbia kwa raha. Fanya hivyo kwa miezi mitatu au zaidi. Utaanza kuona mpango wa mwili wako.

Tuchukue mfano. Msichana ameanza hedhi tarehe 3 Juni. Akaanza tena tarehe 1 Julai. Hapo pana siku 28. Basi anaweza kutazamia hedhi nyingine kama tarehe 29 Julai. Kama mashindano ni tarehe 30 Julai, anajua mapema kwamba huenda atakuwa katika siku ya 2. Hatashtuka. Atajitayarisha.

Daftari litamsaidia pia kupanga mazoezi. Kama siku ya kwanza humwumiza, siku hiyo akimbie polepole, au atembee na kunyoosha viungo. Mazoezi magumu ayapeleke siku mbili mbele. Hajapoteza kitu. Mara nyingi mazoezi mepesi hupunguza hata yale maumivu.

Jambo jingine ni joto. Baada ya yai kutoka, joto la mwili hupanda kidogo mpaka karibu na hedhi. Katika siku hizo jua kali huweza kumchosha mkimbiaji upesi zaidi. Akimbie asubuhi na mapema, na anywe maji ya kutosha.

Siku ya mashindano

Usijaribu kitu kipya siku ya mashindano. Kitambaa, pedi na chupi utakayovaa, vijaribu kwanza katika mazoezi marefu. Paka mafuta ya mgando kwenye mapaja mahali ngozi inaposuguana. Vaa bukta ya rangi nyeusi ili usiwe na wasiwasi. Chukua kitambaa cha akiba, sabuni na maji. Jua mapema choo kiko wapi.

Kitambaa kikiloa, kibadilishe. Kisikae mwilini kutwa nzima. Kifue kwa sabuni na maji safi, ukianike juani mpaka kikauke kabisa. Usikifiche chini ya godoro kikiwa kibichi. Kitambaa kibichi huleta vijidudu.

Tumbo likiuma, weka tumboni chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa. Dawa za maumivu zipo, lakini muulize mganga kwanza. Dawa kama ibuprofeni hainywewi tumbo likiwa tupu. Tena si dawa ya kunywa katikati ya mbio ndefu, maana mwili uliopungukiwa maji pamoja na dawa hiyo huweza kudhuru figo.

Wengine huuliza juu ya vidonge vya kuchelewesha hedhi. Vipo, lakini havifai kila mtu. Wengine vinawaletea kichefuchefu au uzito wa mwili. Usipewe na rafiki. Nenda kwa daktari mapema, wala si siku ya kuamkia mashindano. Mwambie kwamba wewe ni mwanamichezo.

Chakula cha mkimbiaji

Kila mwezi damu inatoka, na pamoja nayo madini ya chuma. Madini hayo hutengeneza damu mpya. Mkimbiaji akiyakosa, hupungukiwa damu. Pumzi humwishia upesi, kichwa kinazunguka, na miguu inakuwa mizito. Watu watasema ni mvivu, kumbe damu haitoshi.

Ale maharage, kunde, dagaa, mboga za majani, na nyama au maini yakipatikana. Pamoja na chakula ale chungwa, embe au pera, maana matunda hayo husaidia mwili kupokea chuma. Chai asinywe pamoja na chakula. Chai huzuia chuma kuingia mwilini. Ainywe baada ya saa moja au mbili.

Hedhi ikikoma

Sasa turudi kwa mama yetu na binti yake.

Fikiri juu ya nyumba ambayo ghala lake limepungua. Mwenye nyumba hufanya nini? Hutoa chakula kwa yale ya lazima, na mengine huyaacha. Mwili nao hufanya hivyo. Mtu akikimbia sana na kula kidogo, chakula chote huishia katika kukimbia. Mwili unaona kwamba hauna akiba ya kulea mimba. Basi unafunga hedhi.

Hiyo si dalili ya mazoezi mazuri. Ni mwili unaolia njaa. Na hatari kubwa iko mahali pasipoonekana, ndani ya mifupa. Hedhi ikikoma kwa njaa, homoni inayolinda mifupa hupungua pia. Mifupa inakuwa dhaifu. Mkimbiaji huanza kusikia maumivu kwenye muundi au kwenye wayo. Siku moja mfupa unapata ufa bila yeye kuanguka. Miaka ya usichana ndiyo miaka ya kujenga mifupa. Usipoijenga sasa, uzeeni utaidai na hutaipata.

Kwa hiyo, mama, fanya mambo matatu. Kwanza, mpeleke binti yako kituo cha afya au hospitali wiki hii. Mweleze daktari kwamba hana hedhi kwa miezi minne na anakimbia kila siku. Zipo sababu nyingine pia za hedhi kukoma, na daktari atazichunguza. Pili, mwongezee chakula. Asitoke alfajiri na tumbo tupu. Akirudi, ale mara moja: uji wenye maziwa na karanga, kiazi, yai. Tatu, apunguze mazoezi kwa muda, na apate siku ya kupumzika kila wiki.

Mwingine yeyote asiyeona hedhi kwa miezi mitatu afanye hivyo hivyo. Kwanza apime mimba. Asidhani kwamba bila hedhi mimba haiingii, inaweza kuingia. Pia aende kwa daktari msichana aliyefika miaka 15 bila kuona hedhi kabisa, na mwanamke anayetoka damu zaidi ya siku 7, au anayeloanisha pedi kila baada ya saa moja au mbili.

Neno kwa mwalimu wa mbio

Ndugu mwalimu, msichana akiwa mwembamba sana anaweza kushinda msimu mmoja. Msimu wa pili atakuwa nyumbani na mguu uliofungwa. Usimsifu kwa kukosa hedhi. Usimwulize mbele ya wenzake. Mtafute mwalimu wa kike au mama wa kijiji ambaye wasichana wanaweza kumweleza bila haya. Binti akisema leo anaumwa, msikilize.

Mwaka 2023 Magdalena Shauri wa Tanzania alikuwa wa tatu katika marathoni ya Berlin, Ujerumani. Alikimbia kilomita 42 na mita 195 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Mabinti wetu wengi wanatamani kufika huko. Safari hiyo ni ya miaka mingi. Inahitaji miguu, pumzi, chakula na mifupa imara.

Mama, hedhi ya binti yako ikirudi, ndipo ufurahi. Na yeye afurahi pamoja nawe.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kwa nini ni vizuri mkimbiaji kuandika siku zake?

2. Hedhi ikikoma kwa miezi mitatu, tufanye nini?

3. Katika kijiji chetu, wasichana wanaofanya michezo wanapata wapi maji, choo na mahali pa kubadilisha vitambaa? Kama hapapo, nani atapatengeneza, na lini?