Elimu masafa yahitaji kituo karibu na mwanafunzi

Uamuzi wa Serikali wa Novemba 2021, ulioruhusu wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, kurejea shuleni, ulijadiliwa sana kwa upande wa mfumo rasmi. Njia ya pili, ile ya elimu masafa inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, haikuzungumzwa kwa kiasi hicho, ingawa mara nyingi ndiyo inayomfaa mama anayenyonyesha au kijana ambaye tayari anajitafutia riziki.

Katika njia hiyo, kidato cha kwanza na cha pili husomwa kama hatua moja, cha tatu na cha nne hatua nyingine. Masomo ya miaka minne huweza kukamilika kwa miwili. Mwanafunzi hufanya Mtihani wa Maarifa, kisha ule wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani huo hutungwa na Baraza la Mitihani lilelile, jambo ambalo baadhi ya wazazi bado hawaliamini.

Kikwazo kikubwa kipo kwingine. Machi 2020 shule zilipofungwa kutokana na UVIKO-19, vipindi vilirushwa kwa redio na televisheni. Mtoto ambaye nyumbani kwao hakukuwa na chombo chochote kati ya hivyo alisubiri shule zifunguliwe. Leo Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania inatoa vitabu vya kiada bila malipo, lakini bando hulipiwa, na simu janja moja huweza kutumiwa na familia nzima. Teknolojia hiyo, pamoja na manufaa yake yote, haiwezi kubeba peke yake mzigo wa kumfundisha hisabati mtu aliyeacha shule miaka mitano iliyopita.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo mikoani licha ya kufundisha kwa masafa. Wanafunzi wa sekondari, ambao uzoefu wao wa kujisomea ni mdogo zaidi, wanakihitaji kituo kuliko hao wa chuo kikuu. Madarasa ya shule nyingi za kata hubaki matupu jioni.

Anayekusudia kujiandikisha anaweza kuanzia kwa Afisa Elimu ya Watu Wazima wa halmashauri yake, akaulizia ada, moduli zilizochapishwa na siku za vipindi vya ana kwa ana.