Waunganishe madaftari, lakini wasiache kubisha hodi

Oktoba 2023, Ofisi ya Takwimu ya Taifa ya Uingereza, ONS, ilisimamisha kutoa namba zake za kawaida za ajira kwa kuwa watu wameacha kujibu maswali. Namba hizo hutokana na Utafiti wa Nguvukazi, ulioanza 1973. Anuani zinachaguliwa kwa bahati, barua inapelekwa, kisha nyumba ile inaulizwa mara tano, kila baada ya wiki 13: nani anafanya kazi, kwa saa ngapi, nani anaitafuta. Ilipofika robo ya tatu ya mwaka ule, ni kiasi cha nyumba 17 tu katika kila 100 zilizojibu.

Mlioko Maskati, Dubai na Doha mtauliza, siye yanatuhusu nini? Benki Kuu ya Uingereza inazitazama namba hizo inapopanga riba, na riba nayo ina mkono wake katika kodi ya chumba anachokaa mwanao hapa London. Gavana wa benki hiyo, Andrew Bailey, alilalamika hadharani Novemba 2024 kwamba takwimu hizi hazimpi picha anayoihitaji. Na kuna jambo la pili, la kwetu khasa, nitalifikia.

ONS ilipokwama iliegemea daftari jengine. Tangu Aprili 2013 mwajiri anatakiwa aiarifu idara ya kodi, HMRC, kila anapolipa mshahara, siku ile ile au kabla yake. Daftari hilo halingoji mtu afungue mlango. Sheria ya uchumi wa kidijitali ya 2017 nayo imeipa ONS nguvu zaidi ya kudai kumbukumbu za serikali na za makampuni. Fikra iliyopo ni kuchukua alichoandika mwajiri na kilichosemwa nyumbani, na kuvikutanisha kwa mtu mmoja mmoja. Ni fikra nzuri. Mwajiri anaujua mshahara hadi peni ya mwisho, lakini hajui kama mfanyakazi wake anamuuguza mama mkwe usiku, au ana shahada ya uhandisi na huku anapanga sinia za chakula cha ndege. Nyumba inayajua yote hayo, ila ukiiuliza mshahara inakisia.

Basi mie naunga mkono. Shaka yangu ni kwa wale wanaosema kwamba madaftari yakishaungana hapatakuwa na haja tena ya kubisha hodi. Wenye kusema hivyo waje Southall.

Mji huu uko karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, na kazi nyingi za hapa zinatokana na uwanja ule: jikoni, maghala, usafi, teksi. Wahindi waliotoka Kenya na Uganda walikuja hapa kwa wingi miaka ya sitini na sabini, na mpaka leo unaweza kuingia dukani ukajibiwa kwa Kiswahili na mzee mwenye kilemba. Mji una upande mwengine vilevile. Nyuma ya nyumba kadhaa vimejengwa vibanda bustanini na vinapangishwa kama vyumba. Baraza la Ealing limehangaika navyo miaka mingi. Kibanda hakina anuani ya posta, kwa hiyo barua ya utafiti haikifikii. Na akaaye humo mara nyingi analipwa mkononi, kwa hiyo HMRC nayo haimjui. Ukiunganisha daftari asilokuwamo na daftari jengine asilokuwamo, hapatikani mtu. Anayeweza kumpata ni mtu wa kutembea kwa miguu, anayejua kusalimu.

Huku kwenu Oman wameshapita njia hii, tena mbali kuliko Waingereza. Sensa ya 2020, ya watu, majumba na taasisi, ilifanywa kwa kuunganisha kumbukumbu za serikali bila ya karani kwenda mlangoni. Tarehe 12 Desemba 2020 walihesabiwa watu 4,471,148. Denmark ilikwishafanya sensa ya namna hiyo tangu 1981. Oman imeweza kwa sababu kila mtu ana bataka, na bataka ina namba moja inayomfuata kazini, hospitali na shuleni. Uingereza haina. Mpango wa vitambulisho ulifutwa kwa sheria mwaka 2010, na mtu anapotafutwa baina ya daftari moja na jengine hutafutwa kwa jina, tarehe ya kuzaliwa na anuani.

Hapo ndipo penye lile la kwetu. Saidi wa Unguja ana majina matatu: lake, la baba, la babu. Akipata pasi ya Oman anakuwa Said bin Salim na kabila lake mwisho. Akifika hapa, mwajiri anamwandika kwa kabila, benki kwa jina la babu, na nyumbani amejaza mkewe kwa tahajia yake. Salim, Saleem, Selim. Mzee aliyezaliwa shamba, hana cheti, ameandikiwa tarehe 1 Januari kama wazee wengine kadhaa wa mtaa wake. Kompyuta haiwezi kujua kwamba hao ni mtu mmoja, au kwamba hawa ni watu wawili. John Smith wako wengi, lakini angalau wote wanaandikwa namna moja. Kosa la kuunganisha basi halimwangukii kila mtu sawasawa. Linatuangukia siye, Wasomali na Wapunjabi, na matokeo yakitoka yatasema kazi zetu ni chache kuliko zilivyo.

Na bataka pia haioni kila kitu, tusijisifu. Mama anayeoka vileja Al Khoudh na kuviuza kwa WhatsApp anafanya kazi kutwa, lakini ikiwa hakuchukua leseni hakuna mwajiri aliyemwandika. Mtumishi aliyesajiliwa kwa kafili mmoja anaweza kuwa anafanya kazi kwa mwengine. Daftari linasema karatasi inavyosema. Kwetu Zanzibar, ambako riziki ya wengi ni genge, uvuvi na biashara ndogondogo, daftari la waajiri peke yake lingekuacha nusu gizani.

Jengine ni khofu, na khofu ya watu ina sababu. Mwaka 2016 wizara ya elimu ya England ilianza kuwauliza wazazi uraia wa mtoto na nchi aliyozaliwa. Ikajulikana kuwa wizara hiyo ina makubaliano ya kuipa Wizara ya Mambo ya Ndani habari za watoto, kwa kazi ya uhamiaji. Wazazi wengi wakakataa kujibu, na mwaka 2018 swali likaondolewa. Mimi nimeita majina darasani miaka mingi, na hakuna mwalimu anayetaka orodha yake ya asubuhi iwe orodha ya askari. ONS ina sheria yake ya 2007: mtumishi anayetoa habari za mtu anaweza kufungwa hadi miaka miwili. Lakini sheria hiyo hiyo imeacha tundu, inaruhusu habari kutolewa kwa upelelezi wa jinai. Kwa faili litakaloonesha mtu anakaa na nani na analipwa na nani, tundu hilo ni kubwa mno. Lizibwe kwa maandishi kabla ya kuunganisha, na uhamiaji utajwe kwa jina kwamba hauingii. Bila ya hapo watu wataacha kujibu, kisha wataacha na kujiandikisha, na madaftari yote mawili yatatoboka.

Kwa upande wetu lipo la kufanya. Mwanao aliye hapa aandike jina lake kama lilivyo katika pasi, kila mahali, herufi kwa herufi. Na barua ya utafiti anapoipata asiitupe kwa kuwa haina jina lake juu. Inakwenda kwa anuani, imeandikiwa mkaazi yeyote wa nyumba ile, na vijana wanadhani ni tangazo la piza.