Msituambie Tutazoea

Mtu wa Kasulu, mkoani Kigoma, anayenunua Toyota Vitz au IST iliyotoka bandarini juzi anakabidhiwa funguo, kadi ya gari na neno moja la faraja: utazoea. Redio haishiki stesheni, utazoea. Kila ukiwasha gari sauti ya mwanamke inakusemesha Kijapani, utazoea. Tumbo linagonga tuta, ukiendesha polepole utazoea. Nyuma hakuna tairi la akiba, kuna chupa ya gundi, nayo utaizoea. Mimi nasema hapana. Mtu aliyeuza mahindi na maharage misimu kadhaa, au mwalimu aliyechukua mkopo atakaoulipa miaka mitano, hakununua gari ili ajifunze kuvumilia. Alinunua gari limtumikie.

Tuelewane mapema. Sisemi kwamba Mjapani katengeneza gari baya. Alilitengeneza vizuri sana, kwa barabara za kwao. Sheria ya Japani inataka gari lisipungue sentimita 9 kutoka ardhini. Tisa! Vigari vingi vidogo vinavyokuja huku vina kama 15, na hizo ni sentimita za gari tupu. Weka watu wazima watano, gunia la maharage kwenye buti na ndoo ya mawese miguuni mwa abiria, springi zimelala, halafu panda matuta ya Makere. Ule mlio wa chuma kusugua lami kila dereva wa ukanda huu anaujua. Kule Nagoya hiyo haikuwa kasoro. Imegeuka kasoro pale mtu alipoliingiza gari melini, akalitoa bandarini na kuliuza Kasulu bila kuligusa hata kidogo, na faida akachukua yote.

Itazameni ile kava nyeusi ya plastiki chini ya injini. Imeshikiliwa na klipu ndogo za plastiki. Masika tope jekundu linaigandia, linakauka, kava inakuwa nzito. Tuta la kwanza linang'oa klipu mbili, shimo linalofuata linamaliza zilizobaki, na kava inaanza kuburuta. Fundi anaifunga kwa waya wa kufungia nondo. Baada ya muda waya unakatika, fundi anaivua kabisa na kuitupa nyuma ya gereji. Pita gereji yoyote kubwa ya Kasulu au Kibondo utazikuta zimerundikana, nyingine bado zina maandishi ya Kijapani. Tangu siku hiyo maji ya madimbwi yanaruka moja kwa moja kwenye mikanda, mkanda unapiga kelele asubuhi, na changarawe zinaishambulia sampu ya oili ambayo haina tena kinga. Mwenye gari anakwenda kwa mchomeleaji, anakatiwa bamba la chuma, linafungwa kwa boliti. Kazi safi, na ninawavulia kofia vijana wanaoifanya. Kisha anashauriwa anyanyue gari, anawekewa spesa juu ya shokapu. Sasa gari halisugui, lakini joint zimekaa kwa pembe ambayo hazikuundiwa; mpira wa joint unapasuka, grisi inamwagika, vumbi linaingia, na ukikata kona gari linalia ta-ta-ta. Kila tiba inazaa ugonjwa mwingine, na gharama ya kila hatua inatoka kwenye mfuko uleule wa mwalimu.

Mafundi wetu wa chini ya miti ndio wanaomalizia usanifu wa magari haya. Hawana vipimo vya kiwanda wala vitabu. Muuzaji anawaachia kazi ambayo yeye ndiye aliyelipwa kuifanya, kisha gari likiharibika anasema mafundi wa mkoani ndio walioliua. Huo ni uonevu, na nimechoka kuusikia.

Redio nayo inanichoma kwa sababu dawa yake ni rahisi mno. Japani ilipanga FM yake kati ya megahezi 76 na 90, kwa kuwa juu ya hapo palikuwa na televisheni za analojia hadi 2011. Baadaye masafa ya redio zao yakapanuliwa hadi 95. Sisi, kama sehemu kubwa ya dunia, tunatumia 87.5 hadi 108. Kwa hiyo gari lililokula mamilioni linashindwa kushika stesheni nyingi ambazo kiredio cha mkononi cha dukani kinazishika bila shida. Huku kwetu redio si pambo. Radio Kwizera ilianzishwa Ngara mwaka 1995 na Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi, na vizazi vya watu wa mpakani vimepata habari za amani, mvua na bei za mazao kwa njia ya redio. Kuna kidude kidogo kinachochomekwa kati ya waya wa antena na redio, kinahamisha masafa, kazi imekwisha. Kama ni rahisi hivyo, kwa nini hakifungwi Dar es Salaam kabla gari halijaanza safari ya kuja Kigoma? Ni kwa sababu mnunuzi hakuuliza, na muuzaji alijua hatauliza.

Kuna hili la betri. Toyota nyingi zenye skrini ya ramani zimewekewa kinga ya wizi: betri ikitolewa au ikifa kabisa, mfumo unajifunga na kudai kadi yake ya ramani, na madai hayo yanaandikwa kwa Kijapani. Kadi yenyewe mara nyingi haipo. Imebaki Japani au imechomolewa njiani. Jirani yangu hapa Kasulu alibadilisha betri mchana, jioni skrini ikawa na mistari ya herufi asizozijua, hakuna muziki, hakuna saa. Akampigia aliyemuuzia. Mnalijua jibu alilopewa. Leo mafundi wenye akili, kabla ya kulegeza nati ya betri, wanaunganisha betri ya pili kwa waya ili umeme usikatike hata sekunde. "Mwalimu, usiruhusu mtu aiguse betri yako hivihivi," fundi mmoja aliniambia, mikono imejaa grisi, mvua inapiga mabati. Ujuzi huo wameupata kwa kuharibikiwa na magari ya watu, wakati onyo la maandishi lingetosha, kama lingekuwa kwa lugha tunayoisoma.

Vitabu vya maelekezo vimo, vimelala kwenye droo ya dashibodi. Ndani yake imeandikwa kwamba betri ya rimoti ya Toyota za kubonyeza ikiisha, unagusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia na injini inawaka, na kwamba ndani ya rimoti kuna ufunguo wa chuma wa kufungulia mlango. Wangapi Kibondo wamevunjiwa kioo au wamevutwa kwa kamba wakiwa na jibu mfukoni? Kurasa kumi za Kiswahili, zilizochapwa duka lolote la kuchapa la Kariakoo, zingeokoa yote hayo.

Hayo ya redio na skrini yanaudhi. La tairi linaua. Magari mengi ya miaka ya karibuni hayana tairi la akiba; yana pampu ndogo ya umeme na chupa ya gundi ya kuziba tundu la msumari. Mengine yana kale katairi kembamba kalikoandikwa kasizidi kilomita 80 kwa saa. Kwa mji wenye lami kila kona na gari la huduma linalofika kwa simu, sawa. Lakini ukiacha barabara kuu, ukaelekea Kitanga au Heru Ushingo, jiwe lenye makali linachana ubavu wa tairi, na ubavu uliochanika hauzibwi na gundi ya aina yoyote. Unabaki porini na familia, simu haina mtandao. Wenye umri wangu wanakumbuka mabasi ya Kibondo yakisindikizwa na polisi wenye bunduki kwa sababu ya majambazi wa msituni. Nani aliyekaa akaamua kwamba chupa ya gundi inamtosha mtu wa njia hizi? Hakuna aliyeamua. Hakuna hata mmoja, kuanzia mnadani Japani hadi yadi ya Dar es Salaam, aliyejiuliza gari hili linakwenda wapi.

Na msiniambie haiwezekani kuliandaa gari kwa ajili ya mahali linakokwenda, kwa sababu ushahidi unatupita kila siku ukiturushia vumbi. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, nyingine ya Nduta ikawekwa hapo Kibondo, na mashirika yaliyohudumia kambi hizo yameendesha Land Cruiser za mkonga kwenye tope lilelile tunalokwamia. Toyota ina kituo Gibraltar ambacho kazi yake ni kuandaa magari ya mashirika ya misaada na Umoja wa Mataifa kabla ya kuyapeleka kazini: mkonga wa kuvutia hewa, ngao ya mbele, matairi, redio za mawasiliano, kama mteja alivyoagiza. Gari linaulizwa kwanza litafanya kazi wapi, ndipo linafungwa vifaa. Najua bei ya Land Cruiser na bei ya Passo haziko meza moja. Sidai mkonga kwenye Passo. Ninadai lile swali: hili linakwenda wapi? Mteja wa Umoja wa Mataifa hakubali kuambiwa atazoea, na ndiyo maana haambiwi.

(Ndugu zetu ng'ambo ya Manyovu wana mzigo mzito kuliko wetu. Burundi wanaendesha kulia, magari mengi ni haya haya ya usukani wa kulia; dereva anakaa upande wa mtaro, na akitaka kulipita lori inabidi gari zima litoe pua ndipo aone kinachokuja. Taa nazo zimeelekezwa upande usio wao.)

Kuna watakaojibu kwamba tatizo ni barabara. Barabara tumeililia kwa miaka, na mradi wa lami wa Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260 hivi, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, umebadilisha maisha ya ukanda huu. Nashukuru kwa moyo wote. Lakini lami haitafsiri onyo kwenye dashibodi, haileti tairi la akiba, na imekuja na matuta yake. Wengine watasema bei itapanda. Hebu tuhesabu. Gari dogo la kati ya cc 1000 na 2000 linatozwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5, na VAT asilimia 18 juu ya hayo. Kwa miaka mingi gari lililozidi miaka 10 limeongezewa asilimia 30 nyingine kwa ajili ya uzee wake. Baada ya mnunuzi kubeba mzigo huo wote, tairi moja zima, kidude cha redio na kurasa kumi za Kiswahili ndivyo vitakavyomvunja mgongo?

Tena sisi si wateja wa kuonewa huruma. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti mwaka 2020: kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani, na asilimia 40 hivi yalikuja Afrika, kuliko kanda nyingine yoyote. Bila sisi minada ile ingefurika. Mnunuzi mwenye soko la namna hii ana haki ya kuweka masharti.

Sharti langu la kwanza linahusu kasoro ambazo mwenye gari hazioni kabisa. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mifuko ya hewa ya usalama iliyofungwa kwenye mamilioni ya magari ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda na wengineo. Kemikali ya kupulizia mfuko iliharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na kwenye ajali chombo chake kikapasuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Watu walikufa nchi mbalimbali, na Takata ikafilisika mwaka 2017. New Zealand, wanaoendesha kushoto kama sisi na kununua magari haya haya yaliyotumika Japani, mwaka 2018 walitoa amri ya lazima: magari yenye mifuko ya hatari zaidi yarudishwe yatengenezwe, yakiwemo yaliyoingia kama mitumba. Kwetu gari la aina hiyo likiingia, barua ya kumwita mwenye gari inabaki Japani, kwa anwani ya mtu aliyekwisha kuliuza. Serikali inaijua tarehe ya kuzaliwa ya kila gari kwa ajili ya kutoza uzee. Shirika la Viwango, TBS, wanakagua breki, taa na usukani. Basi waongeze na hili: namba ya chasisi iangaliwe kama gari liliitwa kiwandani na kama lilitengenezwa. Na gari lisilo na tairi la akiba lisipewe cheti cha kuja kutembea kwenye njia zetu.

Waagizaji wasisubiri serikali. Namba ya chasisi imo kwenye karatasi za mnada na kwenye kadi ya gari. Toyota ya Japani ina ukurasa wa kukagua magari yaliyoitwa, uko wazi kwa yeyote. Unaandika namba, jibu linakuja kwa Kijapani. Mtu anayefuatilia mnada wa Yokohama usiku kucha hawezi kushindwa kulisoma. Alifungue kabla hajatuma pesa, alichape kwenye karatasi, na karatasi hiyo ikae mezani pamoja na mkataba wa mauziano. Mnunuzi wa Kibondo asipoiona, asiweke saini.